Matone Sitini ya Bwana Daktari

Sehemu ya tisa: Akida akata pumzi

Wiki jana tulimwacha Akida Halfani mezani, kalala ubavu, kanzu imepandishwa kiunoni, jipu la tako limeiva kama papai, na pumzi imemkatika. Basi tusipoteze muda, maana na yeye hana wa kupoteza.

“Punje ya nne,” alisema Sikudhani.

Vidole vyake vilisogeza tasbihi, Subhanallah moja kwa punje moja, polepole, kama alivyozoea kwa miezi sita tangu aajiriwe kudondosha maji ya usingizi katika nyumba ya dawa ya Dodoma. Mkono wa pili ulikuwa umeshakitupa kitambaa cha dawa na kulivuta taya la Akida mbele.

“Amekufa!” Daktari Rumelini alipiga kelele. Alikuwa bado kashika kisu. “Sikudhani, mtu huyu amekufa! Moyo wake umeingia hofu!”

“Hajafa. Umemdondoshea matone mangapi, Bwana Daktari?”

“Nilikuwa na haraka.”

“Mangapi?”

“Sitini.”

Asubuhi ile Daktari, Mdachi yule wa Ujerumani, alikuwa amempokonya Sikudhani chupa ya kloroformu, akimwambia anadondosha kama paa bovu la nyasi. Sitini! Katika daftari lake la herufi za Kiarabu, alizofundishwa katika chuo cha Kurani huko Kondoa na marehemu babake, aliandika kila kitu. Matone thelathini, pumzi husimama punje saba. Arobaini, punje kumi na moja. Hamsini, kumi na sita. Wagonjwa kumi na tisa na mbuzi sita, na kila mmoja wao pumzi yake iliondoka ikarudi kwa ahadi. Lakini sitini hakuna aliyewahi kupewa.

“Ishirini na mbili,” alisema. “Itarudi punje ya ishirini na mbili.”

“Upuuzi! Nimekwambia mara ngapi? Dawa haina kosa. Ni hofu ya mgonjwa, hofu inabana moyo, moyo unabana pumzi!”

“Sawa, bwana. Mnyanyue mikono, mshushe. Punje ya kumi.”

Daktari alinyanyua, akashusha. Alinyanyua, akashusha. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye masharubu.

Mlango ulifunguka kidogo. Kichwa cha askari Amiri, mlinzi wa zamu, kiliingia na kofia yake. Amiri alikuwa kijana mrefu mwenye roho nyepesi, na hakukosa sababu ya kuchungulia chumba alimokuwamo Sikudhani. Safari hii macho yake yalimwangukia Akida: midomo ya buluu, mikono inapandishwa na kushushwa kama ya mwanasesere.

“La haula! Akida kafa!”

“Amiri, ngoja!” alisema Sikudhani.

Amiri hakungoja. Viatu vyake vilisikika vikipiga mbio uani, kisha barabarani, kisha sokoni. “Akida kafaaa! Akida Halfani kafaaa!”

“Punje ya ishirini,” alisema Sikudhani. “Ishirini na moja. Ishirini na mbili.”

Kifua cha Akida kililala tuli kama gunia la mtama.

Daktari alimtazama. Sikudhani alijiona tayari yuko bomani, mnyororo shingoni, maana Mdachi hanyongwi kwa ajili ya Akida, ananyongwa mwingine. Kidole kikasogeza punje nyingine chenyewe.

“Ishirini na tatu.”

“Khhhrrroooo!”

Akida alivuta pumzi kwa kishindo hata chupa za rafuni zikagongana. Akavuta ya pili. Akavuta ya tatu. Daktari, kwa furaha na kwa kuogopa kwamba nia ingemtoka, akalipasua jipu kwa mkato mmoja, akalifunga kitambaa, akakaa chini sakafuni kama mtoto.

“Umekosea kwa punje moja,” alisema akihema.

“Hiyo moja ni ya kitambi,” alijibu Sikudhani.

* * *

Sasa sikilizeni nje.

Sikudhani alitega sikio akingoja vilio. Akida ni mtu mkubwa. Akifa, lazima watu walie, hata kama ni kwa kuchelea kuonekana hawakulia. Alisikia sauti ya kwanza kutoka sokoni, nyembamba, ndefu.

Ilikuwa kigelegele.

Kikafuata kingine. Kisha akina mama wa Kigogo walioleta mtama na karanga wakachukua ngoma zao, wakazibana mapajani, na Dodoma nzima ikatikisika. Mwenye duka la nguo alifungua robota, akawa anagawa vipande vya kaniki bure. Mpishi wa boma alicheza na sufuria kichwani. Mzee aliyeapa tangu mwaka wa sotoka, maradhi yale ya ng'ombe, kwamba magoti yake yamekufa, alionekana akiruka juu kuliko vijana.

Na Stara, mke wa Akida, aliyekuwa amekaa barazani akimsubiri mumewe, alisimama akajifunga kanga vizuri, akamgeukia Amiri aliyekuwa amerudi mbio kutoka sokoni.

“Kafa kweli?”

“Kweli, mama. Nimemwona kwa macho yangu.”

“Usije ukanidanganya, mwanangu. Nitakuwa na huzuni ya bure.” Kisha akaangua kilio kimoja kifupi cha adabu, akajipangusa, akauliza, “Mwavuli wake kautundika wapi?”

Sikudhani alitoa kichwa dirishani kuwaambia watu wanyamaze, mtu yu hai. Nani amsikie? Alipogeuka, meza ilikuwa tupu.

Akida Halfani alikuwa amesimama katikati ya chumba, macho yamelegea, anatabasamu kama mtu aliyeamkia peponi. Maji ya usingizi yalikuwa bado yanamzunguka kichwani.

“Arusi ya nani?” aliuliza.

“Bwana Akida, tafadhali lala.”

“Nilale kuna ngoma?”

Akamsukuma Daktari kwa tumbo, akafungua mlango, akatoka barazani. Stara alimwona, akaachia mwavuli aliokuwa ameshauchukua, ukaanguka. Ngoma hazikumwona. Akida aliteremka ngazi, akaingia uwanjani, mkono mmoja umeshika tako lililofungwa kitambaa, mwingine umeinuliwa juu, na akaanza kucheza.

Alicheza vizuri! Hilo ndilo lililowashangaza watu wote. Mabega yaliruka, kidevu kikaenda mbele na nyuma kama jogoo. Ngoma moja ilinyamaza, kisha ya pili, kisha zote. Watu waliganda walipokuwa, mguu mmoja juu.

“Pigeni!” alifoka Akida kwa furaha. “Mbona mmenuna? Leo nawapenda wote! Wewe, Matonya! Njoo tucheze!”

Matonya alikuwa uani pale pale, anafagia, mnyororo shingoni. Alikuwa mfugaji wa Kigogo, mwembamba, mwenye masikio yaliyotobolewa na macho yasiyoshuka chini. Mwezi mmoja nyuma Akida alimwambia ng'ombe wake kumi na mmoja wana sotoka, akawachukua kwa amri ya serikali, eti wakachomwe. Matonya akasema mbele ya baraza kwamba Akida ni mwongo. Kwa neno hilo alipewa miezi minne ya mnyororo.

“Mimi sichezi,” alisema Matonya. “Mimi nina msiba wa ng'ombe.”

“Msiba gani!” Akida alicheka mpaka machozi yakamtoka. “Ng'ombe wako hawajafa, mjinga wewe! Wako Nzuguni kwa Bibi Loisi. Wamenona! Yule mwekundu mwenye pembe ya kuinama amezaa ndama!”

Hata punda waliacha kutafuna.

“Kwa Bibi nani?” aliuliza Stara.

* * *

Dawa ilimtoka Akida polepole, kama maji katika mtungi uliopasuka. Alitazama ngoma. Akatazama kaniki mabegani mwa watu. Akautazama mwavuli wake chini.

“Kuna nini hapa?”

Watu walijibanza nyuma ya ngoma zao.

“Nilikuwa mezani. Nimefikaje huku? Nani kanifanya nini?” Akaketi kwa hasira juu ya ngazi ya baraza, akaruka juu papo hapo kwa yowe, akashika tako. Mwenye duka la nguo alianza kukusanya kaniki zake kimyakimya.

Hapo Akida alimwona Sikudhani mlangoni, tasbihi mkononi.

“Huyo! Huyo mwanamke! Amenisomea vitu! Nilisikia anahesabu, namba zinanivuta shimoni. Huu ni uchawi. Amiri! Mfunge mnyororo, mpeleke bomani!”

Amiri hakusogea. Mara tatu alikuwa amepeleka posa kwa shangazi wa Sikudhani, na mara tatu aliambiwa subiri. Sasa amfunge?

“Bwana Daktari,” alisema Sikudhani bila kumtazama Amiri, “mwambie wewe. Ni nini kilichomkata pumzi?”

Daktari Rumelini alikohoa. Alikuwa mtu wa haki, ila haki yake ilikuwa kaidi. Miaka mitatu alikuwa akiandika kwa wakubwa zake kwamba kloroformu ni salama tupu. Afadhali angemeza kisu kuliko kuyameza maandishi yake.

“Dawa haina kosa,” alisema kwa sauti kubwa. “Sayansi iko wazi. Pumzi husimama mgonjwa akiwa mwoga. Moyo wake ni dhaifu, unaogopa kisu.”

Watu walinong'ona. Mtu mmoja nyuma alicheka puani.

Sikudhani aliona upenyo katika maneno hayo, akautumia.

“Bwana Akida umesikia,” alisema kwa heshima zote, akiinamisha kichwa. “Bwana Daktari anasema uliogopa. Moyo wako ni dhaifu, ulikiona kisu kidogo ukazimia. Mimi nasema sivyo. Mimi nasema wewe ni simba, ila ulipewa matone sitini, na sitini yangemlaza hata tembo. Basi hukumu mwenyewe. Ni moyo wako au ni dawa?”

Akida alifungua mdomo. Aliwatazama watu, nao walikuwa wakimtazama kwa hamu kubwa mno.

“Mimi? Nimeogopa?” alinguruma. “Mimi niliyeua chui kwa rungu Mpwapwa? Ni dawa! Nani kasema siyo dawa? Ni dawa tupu! Mwanamke huyu anasema kweli!”

“Si uchawi?”

“Uchawi gani! Dawa!”

Watu wakalipuka. Amiri alipiga kofi paja lake. Daktari aligeuka mwekundu kutoka shingoni hadi masikioni.

“Ushahidi!” alipiga kelele. “Sayansi haihukumiwi na mtu mwenye jipu! Nataka ushahidi! Sikudhani, daftari lako linasema nini kwa matone arobaini?”

“Punje kumi na moja, bwana.”

“Mimi si mwoga. Moyo wangu ni imara. Pumzi yangu ikisimama kwa matone arobaini, ikarudi punje ya kumi na moja, nitayala maneno yangu hadharani. Isiposimama, wewe utalichoma daftari.”

Naye akavua koti, akaenda akalala juu ya meza, viatu miguuni.

“Bwana, usifanye mchezo na—”

“Dondosha!”

Sikudhani alimtazama. Mdachi akifa mezani, hakuna Akida atakayemtetea. Alitaka kukataa. Kisha akawakumbuka wale kumi na tisa, kila mmoja jinsi pumzi ilivyomtoka huku Daktari akisema ni woga wao, na akaishika chupa.

Alidondosha moja moja, kwa sauti, ili kila mtu asikie. Watu walijaa chumbani, dirishani, mlangoni. Ilipofika arobaini aliweka chupa chini, akaondoa kitambaa, akavuta taya mbele.

Masharubu ya Daktari yalikuwa yakipepea kwa pumzi. Yakapepea. Yakapepea.

Yakatulia.

“Moja,” alisema Sikudhani.

“Mbili!” alisema Amiri.

“Tatu!” waliitikia watu wa dirishani.

Ikawa kama wimbo. Matonya alihesabu akigonga mnyororo. Akida Halfani alihesabu kwa sauti kushinda wote, maana heshima yake ilikuwa imelala pale mezani. Saba! Nane! Uso wa Mdachi ulianza kugeuka rangi ya majivu. Tisa! Sauti zilipungua. Kumi, alisema Sikudhani peke yake.

“Kumi na moja.”

Masharubu yakaruka.

Nyumba ilitaka kung'oka kwa kelele! Watu walikumbatiana na watu wasiowajua. Amiri alimshika Akida Halfani, akambusu kipara, akakumbuka ni nani, akapiga saluti. Sikudhani alikaa kwenye kigoda akacheka, akacheka, akashindwa kujizuia, machozi yanamtiririka na tasbihi imemzunguka vidole vyote.

Daktari alifumbua macho. Alitabasamu. Alishuka mezani kwa kuyumba, akatembea moja kwa moja hadi kwa Matonya, akainama.

“Shikamoo,” alisema Mdachi.

Matonya hakushangaa hata kidogo. “Marahaba,” alijibu. “Mwambie askari huyu anifungue. Watu wote wamesikia ng'ombe wangu wako wapi.”

“Mfungueni!” Daktari alirusha mikono juu. “Mfungueni kila mtu! Nitaandika barua kwa Bwana wa boma kwa mkono wangu!”

Amiri hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Ufunguo ulizunguka, mnyororo ukaanguka.

“Matonya, baba,” alisema Stara kwa sauti tamu kuliko asali, “njia ya Nzuguni unaijua?”

“Naijua.”

“Twende wote. Nina hamu ya kumjua huyo Bibi Loisi.” Na alikuwa ameshaazima mchi wa kutwangia kwa mama muuza mtama, ameuweka begani.

“Mke wangu,” alisema Akida, “mke wangu, ngoja nikueleze.” Stara alikuwa ameshapita geti. Akida alimfuata akichechemea, mkono takoni, akisihi, na nyuma yao Matonya, anatembea polepole kama mtu anayekwenda kuchukua kilicho chake.

* * *

Furaha yote hiyo ilidumu kiasi cha kunywa kikombe cha kahawa.

Daktari alikuwa ameketi mezani, anachekacheka, anaandika jina la Sikudhani katika kitabu chake kwa herufi kubwa. “Punje kumi na moja,” alijisemea. “Dawa yenyewe! Inalala juu ya pumzi kama kifuniko. Miaka mitatu nimekuwa punda.” Kisha kalamu ikasimama.

Rangi ilimtoka usoni kuliko alipokuwa hana pumzi.

“Sikudhani. Gari la moshi la Tabora limeondoka?”

“Saa moja iliyopita, bwana. Ndilo ulilolikimbilia kabla ya kumlaza Akida.”

“Nimeupakia humo waraka wangu. Kwa daktari wa Tabora.” Aliangusha kalamu. “Nimemwandikia: tumia matone sitini, hayana madhara. Na pumzi ikisita, ni hofu tu. Usisimame. Endelea kudondosha.”

Sikudhani alisimama mpaka kigoda kikaanguka.

“Endelea kudondosha?”

“Kesho asubuhi anapasua watu wanane.”

“Piga simu ya waya!”

“Waya umekatika tangu juzi,” alisema Amiri. “Twiga kaupitia na shingo huko Kigwe. Mafundi hawajafika.”

Watatu hao walitazamana. Gari la moshi lilikuwa na desturi ya kusimama Bahi, likapakia kuni na kunywa maji kwa saa mbili au zaidi. Kwa miguu, Bahi ni siku mbili. Kwa punda, usiulize.

“Kiberenge,” alisema Sikudhani. “Kile cha kusukuma kwa mikono, kiko stesheni. Nani anajua kukiendesha?”

“Mimi,” alisema Amiri upesi mno.

Basi watu wa Dodoma waliona lingine siku ile: mwanamke kajifunga kanga kifuani, askari, na Mdachi asiye na koti anayechekacheka, wako juu ya kigari cha magurudumu manne, wanapampu mtaimbo juu chini, juu chini, wanapotelea magharibi. Mwanzoni kilikwenda kwa kuugua. Baada ya Kigwe nchi iliteremka, na kiberenge nacho kikaamka.

Vichaka vilianza kupita kasi. Mbuyu ulikuja, ukaenda. Upepo ulimvua Daktari miwani. Mtaimbo ulikuwa sasa unajisukuma wenyewe, unapanda na kushuka kwa ghadhabu, na hakuna aliyethubutu kuugusa.

“Sikudhani!” Amiri alipaza sauti akiwa ameshika ubao kwa mikono miwili. “Kuhusu ile posa! Naomba unijibu sasa hivi!”

“Sasa hivi? Kwa nini sasa hivi?”

“Kwa sababu nilisema najua kukiendesha. Sikusema najua kukisimamisha!”

Sikudhani alitaka kukasirika. Badala yake kicheko kilimpanda kutoka tumboni, kikatoka na upepo. “Kikisimama,” alipiga kelele, “jibu ni ndiyo!”

Amiri aliinua mikono yote miwili kwa furaha, akakumbuka, akashika tena ubao.

“Moshi!” alisema Daktari, akikaza macho yake yasiyo na miwani. “Mbele kule! Ni gari letu! Tumelipata!”

Kweli, mbali kwenye bonde la Bahi, nguzo nyeusi ya moshi ilipanda juu ya miiba. Sikudhani alikinga jua kwa kiganja. Alitazama mara moja. Alitazama mara ya pili. Moshi ulikuwa mkubwa kuliko ulivyokuwa dakika ile iliyopita, tena kichwa cha moshi huo kililalia nyuma, upande wa Tabora.

“Bwana Daktari,” alisema, na kicheko kilikuwa kimemkauka kinywani, “gari la moshi halijasimama. Linakuja huku, juu ya reli hii hii.”